Nina siku nne Manchester: mji wa pamba nitauona wapi?

SWALI: Binti yangu anahitimu shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Manchester mwezi wa saba, na ameniomba niende kwenye mahafali. Nitakaa siku nne. Mimi nilifanya kazi miaka 17 kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, idara ya kufuma, mpaka kilipofungwa. Kazini tulikuwa tukiambiwa kwamba nguo za mashine zilianzia huko Manchester. Sasa binti ananiambia nisitegemee kuona kiwanda, mji umejaa ofisi na wanafunzi tu. Ni kweli hakuna kilichobaki? Nianzie wapi? Goti langu moja ni bovu, na sikio la kushoto halisikii vizuri tangu nikiwa kiwandani.

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa shahada ya binti. Nimekaa Manchester miaka mingi, na kutembeza wageni ndiyo kazi yangu. Barua yako imenifurahisha kuliko nyingi ninazopata, maana wengi huniuliza njia ya kwenda uwanja wa mpira na duka la jezi. Wewe umeuliza habari ya pamba.

Binti amekwambia kweli, ila ni nusu yake. Katikati ya mji huu hakuna bomba linalotoa moshi wala mtambo unaofuma nguo ya kwenda sokoni. Lakini huenda hoteli utakayolala iliwahi kuwa ghala la nguo, na chuo kinachompa binti shahada kina mzizi wake kwenye fedha za mfanyabiashara wa nguo. Watu husema Manchester ulikuwa mji wa viwanda ukageuka mji wa vyuo, kana kwamba mmoja alihama nyumba na mwingine akahamia. Mimi sioni hivyo. Chuo kilizaliwa humo humo kiwandani, mitambo ikiwa bado inaunguruma. Ukiufuata uzi huo siku zako nne zitatosha, na goti halitateseka sana.

Kwanza nikueleze kwa nini pamba ilikuja kukaa hapa, mahali ambapo haioti hata mche mmoja. Maji yalikuwepo, yakishuka kutoka vilima vya Pennine. Makaa ya mawe yalikuwepo, na mwaka 1761 ulipofunguliwa mfereji wa Bridgewater kutoka machimbo ya Worsley, bei ya makaa mjini ilishuka mno. Bandari ya Liverpool iko karibu. Na kuna jambo la nne ambalo wewe utalielewa haraka kuliko msomaji mwingine yeyote: unyevu. Uzi mkavu hukatika. Nadhani hata kwenu Morogoro kulikuwa na namna ya kulowesha hewa ndani ya kiwanda ili uzi usikatike kila dakika. Huku mvua na ukungu viliifanya kazi hiyo bure. Kwa hiyo ukishuka uwanja wa ndege ukakutana na manyunyu mwezi wa saba, usiuone ni mkosi, hayo manyunyu ndiyo yaliyoujenga mji. Koti la mvua lakini ulibebe.

Halafu ujue mgawanyo wa kazi ulivyokuwa, usije ukatafuta kitu mahali ambapo hakikuwepo. Vilikuwepo viwanda ndani ya Manchester yenyewe, na nitakupeleka. Ila kadiri miaka ilivyokwenda, kusokota kulienea kwenye miji ya kuuzunguka, kama Oldham, Bolton na Rochdale, na kufuma kukashika zaidi kaskazini, huko Blackburn na Burnley. Manchester ukawa soko, ofisi na ghala la wote. Ndiyo maana nasema ofisi anazoziona binti si ngeni hapa. Mwaka 1913 nguo za pamba zilizouzwa nje ya Uingereza zilifika kama yadi bilioni 7, na sehemu kubwa mno ya biashara hiyo ilipita mikononi mwa watu wa mji huu: waliopima, waliokunja, waliopiga mihuri, walioandika barua za oda kwenda Bombay, Cairo, Buenos Aires na Zanzibar.

Siku ya kwanza utakuwa umechoka na safari, basi usijitume. Chukua tramu uende Castlefield, ushuke kituo cha Deansgate-Castlefield. Tramu za hapa ni rafiki wa goti kwa sababu jukwaa na mlango viko usawa mmoja, huna ngazi ya kupanda. Hapo utaona kitu ambacho picha haziwezi kukionyesha: mifereji inakutana chini, madaraja ya reli ya chuma na matofali yanapita juu yake, na nyuma yake yamesimama maghorofa mapya ya vioo, mojawapo likiwa na urefu wa mita 201. Zama tatu zimepandana mahali pamoja. Keti kwenye benchi kando ya maji, uangalie tu.

Kutoka hapo kuna mwendo mfupi hadi makumbusho ya sayansi na viwanda, Science and Industry Museum. Kuingia ni bure. Yamo ndani ya kituo cha reli cha Liverpool Road, kilichofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, na ndicho kituo kikongwe cha abiria duniani kilichobaki kimesimama. Reli ile iliunganisha bandari ya Liverpool na soko la Manchester: marobota ya pamba yalikuja huku, majora ya nguo yakarudi bandarini. Ndani kuna ukumbi wa nguo wenye mitambo halisi, kuanzia kuchambua na kusokota hadi kufuma, na huwa wanaiwasha mbele ya wageni. Kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya majengo yao yamekuwa yakifungwa kwa ukarabati, kwa hiyo mwambie binti apige simu aulize saa za kuwasha mitambo kabla hamjatoka nyumbani.

Siku ya pili naichukulia kuwa ya mahafali. Yanafanyika Whitworth Hall, barabara ya Oxford Road, na hilo jina nataka ulisome polepole. Joseph Whitworth alikuwa fundi wa mashine wa mji huu. Mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya boliti na nati, ili nati iliyochongwa karakana moja ikae kwenye boliti ya karakana nyingine. Kabla yake kila karakana ilikuwa na meno yake. Kama kiwandani kwenu kulikuwa na mashine yoyote ya zamani ya Kiingereza, basi fundi wenu aliwahi kuhangaika na nati ya Whitworth iliyogoma kukubali spana ya milimita. Mwenye nati hiyo ndiye huyu. Alipofariki mwaka 1887 mali yake nyingi iliingia kwenye elimu na mambo ya umma, ukiwemo ukumbi ambamo jina la binti yako litasomwa. Nyumba ya sanaa ya Whitworth, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo, nayo ina jina lake, na ina hazina kubwa ya vitambaa kutoka nchi nyingi. Kama mtakuwa na saa moja baada ya picha na maua, ingieni.

Hapo ndipo pa kueleza lile nililosema, kwamba chuo kilitoka kiwandani. Mwaka 1824 wenye viwanda na wasomi wa hapa walianzisha taasisi ya kuwafundisha mafundi jioni hesabu, kemia na uchoraji wa mashine. Kiwanda kilihitaji fundi anayejua kwa nini rangi inashika kwenye kitambaa na kwa nini boila inapasuka. Taasisi ile ilikua, ikabadilika majina mara kadhaa, ikaja kuwa UMIST, chuo cha sayansi na teknolojia. Pembeni yake kulikuwa na Owens College, iliyofunguliwa mwaka 1851 kwa mali aliyoiacha John Owens, mfanyabiashara wa nguo. Koo hizo mbili ziliunganishwa mwaka 2004 kuwa chuo anachohitimu binti. Kwa hiyo kompyuta iliyotengenezwa hapa, ambayo tarehe 21 Juni 1948 ilikuwa ya kwanza duniani kutekeleza programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, haikushuka kutoka mbinguni. Hata grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja uliowapa Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010, ilitengwa hapa. Mji uliozoea kutengeneza kitu kwa mikono ulikuwa tayari una karakana na mafundi, na una desturi ya mwenye pesa kumsikiliza mwenye spana.

Leo chuo hicho peke yake kina wanafunzi zaidi ya 40,000, na vyuo vingine vimekizunguka. Ndiyo maana Oxford Road utaiona kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu, isipokuwa wote ni vijana.

Mkiwa hapohapo, msiondoke kabla ya kwenda Cavendish Street, karibu na bustani ya All Saints. Ni karibu, lakini kwa goti lako pandeni basi. Kuna jengo lenye nguzo nne nene mbele, lililokuwa ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock. Siku hizi ni mali ya Manchester Metropolitan University, na kilichobaki cha zamani ni ule uso wa mbele tu. Oktoba 1945 ulifanyika humo Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Jomo Kenyatta alikuwemo. Kwame Nkrumah, George Padmore wa Trinidad, Hastings Banda na mzee W.E.B. Du Bois wa Marekani walikuwemo pia. Kuna kibao chekundu ukutani. Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki wanapita pale bila kukiona, na mimi huwa nawasimamisha. Waliokutana mle waliona wamechoka kuomba, wakadai uhuru kwa sauti moja, na ndani ya miaka 20 watatu kati ya hao niliowataja walikuwa wakiongoza nchi zao.

Kwa nini Manchester na si London? Sababu moja ni ya jikoni kabisa. Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, alikuwa na migahawa hapa Oxford Road, kwa hiyo wajumbe wangepata pa kula bila kufukuzwa kwa sababu ya rangi yao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, chuo hiki kilimpa uprofesa Arthur Lewis wa Saint Lucia, mtu mweusi wa kwanza kuwa profesa hapa, na hapa ndipo alipoandika nadharia yake kuhusu nchi maskini zinavyoweza kuhamisha nguvukazi kutoka shambani kwenda kiwandani. Mwaka 1979 alipata Nobel ya uchumi. Wewe ni mtoto wa nadharia ile, mzee wangu, kama wote waliotoka shambani wakaingia kwenye viwanda vya miaka ya sabini na themanini. Jengo lenye jina lake liko palepale chuoni. Mwambie binti akupige picha mlangoni.

Jioni hiyo kaleni Rusholme, kusini mwa barabara hiyohiyo. Migahawa imepangana kama duka moja refu: Wapakistani, Waarabu, Waafghani. Halali hutaikosa. Na hapo pia uzi unapita. Miaka ya hamsini na sitini viwanda vya Lancashire, mkoa unaouzunguka mji huu, vilipokuwa vinasuasua, wenye viwanda walitafuta watu wa zamu ya usiku, kazi ambayo wenyeji walikuwa hawaitaki tena, na wengi waliokuja ni Wapakistani na Wabangali. Vibanda vya kwanza vya chakula viliwahudumia wafanyakazi wa nguo wa aina hiyo. Zamu ya usiku uliijua mwenyewe, kwa hiyo unajua mtu anayetoka alfajiri anatamani nini.

Siku ya tatu ni ya katikati ya mji, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Anzia St Ann's Square, uingie Royal Exchange. Hili lilikuwa soko la pamba. Wanunuzi na wauzaji kwa maelfu walisimama sakafuni wakipatana bei kwa mdomo, ahadi ya mtu ikiwa ndiyo mkataba. Soko lilifungwa mwaka 1968. Mwaka 1976 ukafunguliwa humo ukumbi wa maigizo, chombo cha chuma na kioo kilichokaa katikati ya ukumbi mkubwa. Sakafu ya zamani isingebeba uzito wake, kwa hiyo wakakitundika kwenye nguzo kubwa za jengo. Sasa inua macho juu ukutani. Ubao wa bei bado upo, na tarakimu za siku ya mwisho ya biashara hazikufutwa. Nimewaleta watu wengi pale, lakini wale waliofanya kazi kiwandani ndio wanaokaa kimya wakiuangalia. Mama mmoja wa Oldham aliniambia kwamba katika jengo lote hakuna kitu kingine anachokiamini ila huo ubao.

Kutoka hapo sogea hadi Lincoln Square. Utaona sanamu ya Abraham Lincoln, na utajiuliza anafanya nini huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, bandari za Kusini zilizibwa na pamba ikakatika. Viwanda vya Lancashire vikasimama, watu wakalala njaa. Hata hivyo tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana wakamwandikia Lincoln kwamba wanamuunga mkono kupinga utumwa, ijapokuwa ushindi wa upande wa Kusini ungewarudishia pamba na mshahara. Lincoln akawajibu Januari 1863, na maneno yake yamechongwa kwenye msingi wa sanamu. Lazima niseme pia kwamba si kila mfanyakazi wa Lancashire alifikiri hivyo, maana iko miji ambako watu walishabikia Kusini kwa sababu ya njaa. Hilo kwangu linauongezea uzito ule uamuzi wa waliokataa.

Na vita hivyohivyo vilifika Zanzibar. Kile kitambaa kizito tulichokiita marekani, kilichokwenda bara kama pesa kwenye misafara, kilitoka viwanda vya Massachusetts. Vita vilipokikata, nguo za Uingereza na za Bombay zilichukua nafasi. Baadaye, kwa kuogopa kutegemea tena pamba ya Marekani, wafanyabiashara wa Lancashire waliunda chama mwaka 1902 cha kueneza kilimo cha pamba kwenye makoloni ya Waingereza. Miaka ileile pamba ikashika Uganda. Wajerumani nao walikuwa na hofu hiyohiyo kwa viwanda vyao, na wewe unajua walivyoitekeleza kwetu: mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na Maji Maji ikaanza. Ukisimama pale Lincoln Square usidhani unasoma historia ya watu wengine.

Baada ya hapo pumzisha goti ndani ya maktaba ya John Rylands, Deansgate. Rylands alikuwa tajiri mkubwa wa nguo, na mjane wake, Enriqueta, mzaliwa wa Cuba, alimjengea maktaba hii inayofanana na kanisa kuu. Ilifunguliwa mwaka 1900. Kuingia ni bure, na ndani kuna kipande cha mafunjo, kidogo kuliko kiganja, chenye maneno ya Injili ya Yohana. Wataalamu wengi hukihesabu miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Agano Jipya. Nenda uyaone mawe na taa, halafu ukumbuke ni jora gani zililipia.

Kama utabaki na nguvu, makumbusho ya historia ya wafanyakazi, People's History Museum, yako ng'ambo ya Deansgate kuelekea mtoni. Kuna bendera za vyama vya wafanyakazi za hariri, kubwa kama pazia la jukwaa. Jengo lenyewe lilijengwa mwaka 1909 kama kituo cha pampu: lilisukuma maji yenye nguvu kwenye mabomba chini ya barabara ili kuendesha mashine za kugandamiza marobota kwenye maghala. Humo pia wataeleza habari ya Peterloo, tarehe 16 Agosti 1819, wakati watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na familia zao, walipokusanyika kudai haki ya kuwakilishwa bungeni, wakashambuliwa na askari wa farasi wenye panga. Watu 18 wanahesabiwa kuwa walikufa. Mnara wao wa mawe, uliowekwa mwaka 2019, uko karibu na jengo la mikutano la Manchester Central, ambalo nalo lilikuwa kituo cha reli.

Maghala yenyewe utayaona ukipita Portland Street, Princess Street na Whitworth Street. Usiangalie madirisha ya maduka chini, inua macho kuanzia ghorofa ya pili. Utayakuta majina kama India House na Asia House. Hapo ndipo nguo zilipokunjwa kila moja kwa desturi ya soko lake, zikabandikwa lebo za rangi zenye simba, tembo au maandishi ya Kiarabu ili mnunuzi asiyejua Kiingereza atambue mali. Kabla ya kiwanda cha Urafiki kuanza pale Ubungo mwaka 1968, khanga za mama zetu nyingi zilichapwa ng'ambo, Manchester ikiwa mojawapo pamoja na Uholanzi, India na Japani. Sasa maghala mengi ni nyumba za kupanga na hoteli.

Jioni nendeni Ancoats, dakika chache kutoka kituo cha Piccadilly. Hapa ndipo viwanda vyenyewe vilipo. Murray's Mills vilianza mwaka 1798, matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, vimejipanga kando ya mfereji wa Rochdale. Nje bado ni kiwanda, ndani ni vyumba vya kuishi. Chini kuna migahawa ya bei ya juu, na vijana wa kampuni za programu wanakunywa kahawa mahali ambapo watoto walikuwa wakitambaa chini ya mashine kufagia vumbi la pamba.

Hapa nitasema ninachofikiri. Majengo yaliokolewa, na nashukuru, kwa sababu niliwahi kuona picha za Ancoats ya miaka ya themanini, madirisha yamevunjika na miti imeota kwenye paa. Lakini watu hawakuokolewa vilevile. Bandari ya Salford, iliyotokana na mfereji wa meli wa mwaka 1894, ilifungwa mwaka 1982, na leo BBC iko hapo. Waliokuwa wakipakua meli hawakugeuka kuwa watangazaji. Kati ya kufungwa kwa viwanda na kufunguliwa kwa migahawa ilipita miaka mingi ya watu kukaa bila kazi, na wengi wa watoto wao hawawezi kulipa kodi ya Ancoats. Mtu akikwambia mji huu ulibadilika, muulize ulibadilika kwa nani. Wewe uliyefungiwa geti Morogoro una haki ya kuuliza hivyo kuliko mimi.

Kuna mambo madogo ya safari niliyotaka kuyataja kabla sijasahau. Viza ya matembezi ombeni mapema, na tiketi ya ndege usiilipie kabla hujaipata. Binti akuandikishe mapema kama mgeni wa mahafali, maana nafasi huwa na kikomo. Wiki ya mahafali hoteli hupanda bei, tafuteni sasa. Nauli ya basi mwaka 2025 haikuzidi pauni 2 kwa safari moja. Kwenye basi unagusa kadi ya benki mara moja tu unapopanda, lakini kwenye tramu unagusa kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda na tena baada ya kushuka. Ukisahau kugusa ukishuka utakatwa zaidi. Mwezi wa saba jua linachelewa sana: Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo usiamini macho, amini saa. Na kama moyo unataka kuona uwanja wa mpira, nenda. Ule wa Manchester City ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, michezo ambayo Mtanzania Francis Naali alishinda marathoni.

Siku ya nne nimekuwekea swali lako lenyewe, kama kuna mtambo unaofuma. Upo. Uko Quarry Bank, kijiji cha Styal, karibu kabisa na uwanja wa ndege, kwa hiyo kama ndege yako ni ya usiku mtaweza kupitia hapo njiani. Chukueni teksi, mabasi ya huko ni ya kusubiri. Hapa mnalipa kiingilio. Kiwanda kilijengwa na Samuel Greg mwaka 1784 kando ya mto, kikiendeshwa na gurudumu la maji. Wataonyesha pia nyumba walimolala watoto waliochukuliwa kama wanagenzi, wakifanya kazi kwa chakula na malazi. Greg huyohuyo alikuwa na shamba la watumwa kisiwani Dominica. Wenye makumbusho hawakuficha hilo, na msilipite.

Mle ndani wataiwasha mitambo. Huwashwa michache tu, na hiyo michache inatosha kutetemesha sakafu. Mtande, zile nyuzi za urefu, umekazwa, mshindio, ule uzi wa kukingama, unarushwa huku na huko, na vumbi jeupe linatua kwenye mikono ya shati. Wafumaji wa Lancashire hawakuweza kusikiana katika kelele ile, kwa hiyo walijenga namna yao ya kuzungumza kwa kutanua midomo bila sauti, na waliendelea nayo hata mtaani na uzeeni. Najua na nyinyi mlikuwa na yenu. Mwambie binti asimame upande wako wa kulia wakati mitambo inaunguruma, aseme kitu kwa midomo tu, uone kama bado unaisoma.